Beki Kijana, Haya Yajue Kabla Msimu Haujaanza

Mdogo wangu uliyepandishwa kikosi cha wakubwa msimu huu, au uliyesaini mkataba wa kwanza ukiwa beki, kuna jambo litakusumbua miaka yako yote ya mpira: kazi yako haina ushahidi. Mshambuliaji akimaliza msimu na magoli 12, hata kijiwe cha bodaboda kinajua thamani yake. Kiungo ana pasi za mwisho. Wewe ulichonacho ni magoli ambayo hayakufungwa, na goli ambalo halikufungwa halirudiwi kwenye televisheni. Ukikosea mara moja, hiyo ndiyo klipu itakayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima.

Nimecheza nyuma, na sasa nafundisha vijana wanaocheza nyuma. Kila mwaka naona kitu kilekile: vijana wenye vipaji wanataka kuonekana, wakati beki hulipwa kwa kuaminika. Kocha anapopanga kikosi usiku wa kuamkia mechi, anatafuta majina ya nyuma yasiyomkosesha usingizi. Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakaa sawa, kuanzia unavyosimama kwenye kona mpaka unavyosoma mkataba.

Anza na mdomo

Kwenye majaribio ya vijana, mimi huwa siangalii nani kapiga kanzu. Nasimama nyuma ya goli, nasikiliza. Kuna beki anayetumia dakika 30 nzima bila kutoa sauti, halafu mpira ukishaingia wavuni anageuka na kunyoosha mikono akimlaumu mwenzake. Huyo namwekea alama, na si alama nzuri. Kuna mwingine, pengine hana mguu mzuri kuliko yule, lakini unamsikia: "Mtu nyuma!" "Mwelekeze pembeni!" "Toka, toka!" "Simama, usiingie!" Dakika kumi zikipita, wenzake wawili ambao hawajawahi kukutana naye wameshaanza kumtii.

Maneno ya uwanjani yawe mafupi na yaje mapema. Kumwambia kiungo "angalia kushoto" wakati winga ameshampita ni kulalamika tu. Mwambie akiwa bado na nafasi ya kusogea. Na kwenye mstari wa nyuma, amri ya kupanda itoke kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili, mmoja akasema "panda" na mwingine akasita, mtego wa kuotea unageuka zawadi kwa mshambuliaji. Mara nyingi anayetoa amri ni beki wa kati mkongwe. Wewe mgeni jifunze sauti yake hadi uitambue katikati ya makelele ya uwanja wa Mkapa uliojaa watu 60,000, kwa sababu siku ya Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, hutasikia hata filimbi vizuri.

Usiogope kumwamrisha mkubwa wako. Kambini mwite kaka, mpishe kwenye foleni ya chakula, mchotee maji ukipenda. Uwanjani ukimwona mtu nyuma yake, piga kelele. Hakuna mkongwe mwenye akili aliyewahi kukasirika kwa kuokolewa.

Miguu yako kabla ya mpira kufika

Vijana wengi wanatoka mchangani na kwenye ndondo wakiwa wamezoea kuingia kwa nguvu. Mashabiki wa pembeni wanapenda beki anayeteleza na kuondoka na mpira pamoja na mtu. Ligi Kuu ukiteleza, mara nyingi maana yake ulikuwa umesimama mahali pasipo sahihi hatua tatu zilizopita.

Winga akija na mpira, mkimbilie haraka wakati mpira uko njiani kwenda kwake, kisha hatua mbili tatu za mwisho punguza mwendo. Usimkabili kifua kwa kifua. Simama upande upande, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, uzito kwenye vidole. Mwachie upande mmoja tu wa kwenda, na uchague wewe: akiwa pembeni mpe mstari, akiwa karibu na kumi na nane, yaani eneo la penalti, msukume kwenye mguu wake dhaifu. Ukisimama umetanua miguu, tobo ni haki yake. Macho yawe kwenye mpira, maana mabega na kiuno vinadanganya. Subiri auguse mpira kidogo mbele zaidi ya alivyotaka. Hapo ndipo unaingia. Asipokosea, mcheleweshe. Sekunde tatu ulizomchelewesha zinamtosha kiungo wako mkabaji kurudi, na hakuna mtu atakayekupigia makofi kwa hizo sekunde tatu. Ndiyo kazi.

Kona zinastahili mazoezi yake peke yake. Kosa ninaloliona kila wiki ni kijana kuukodolea macho mpira ulioko kwenye kibendera huku mtu wake akimtoka nyuma. Fungua mwili ili uone mpira na mtu kwa pamoja. Mkono mmoja umguse, bila kumshika jezi, ujue yuko wapi hata usipomwangalia. Mpigaji akianza kuusogelea mpira, pata ile nusu hatua ya kuwa mbele yake. Ukiupata, piga juu, mbali na pembeni. Mpira uliookolewa katikati ya kumi na nane unarudi na mashuti. Na ukishatoka tu, pandeni wote. Magoli mengi ya kona hufungwa na mpira wa pili, wakati mabeki wanashangilia kuokoa wa kwanza.

Kuhusu urefu, usidanganyike. Fabio Cannavaro alikuwa na mita 1.76 tu na aliiongoza Italia kuchukua Kombe la Dunia 2006, mwaka huohuo akapewa Ballon d'Or. Hapa kwetu jina lake alibandikwa Nadir Haroub, na miaka yote ya Yanga na Taifa Stars alilitendea haki. Dickson Job naye si mrefu. Amepitia Serengeti Boys, timu ya taifa ya U17, iliyocheza AFCON ya vijana kule Gabon 2017, akakomaa Mtibwa Sugar, akaja Yanga Januari 2021, na anacheza katikati mbele ya washambuliaji wanaomzidi kichwa kizima. Mtu mfupi anashinda mpira wa juu kwa kuruka mapema, kwa kumsumbua mrefu asiruke vizuri, na kwa kusoma mpira unadondokea wapi.

Kujenga mashambulizi ni somo jipya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu makusudi na mwenzake, na tangu 2019 unaweza kuupokea mpira wa goli, ule unaoanzishwa golini, ndani ya kumi na nane yenyewe. Kwa hiyo makocha wa sasa wanataka beki anayeweza kupokea akiwa amebanwa na kutoa kwa miguu yote miwili. Fanyia kazi mguu wako dhaifu kila siku ukimaliza mazoezi ya timu. Lakini nina msimamo wangu hapa, na wengine hawaupendi: kubutua si dhambi. Uwanja wa mkoani umenyeshewa, mpira unaruka kama sungura, zimebaki dakika tano na mnaongoza. Peleka mpira jukwaani. Ukienda Bukoba pale Kaitaba kwenye nyasi bandia, fika mapema, upige mipira mirefu kadhaa uone unavyodunda na unavyoteleza kabla ya mechi kuanza.

Dakika zinazofukuza watu kazi

Beki anaweza kucheza dakika 85 safi na akakumbukwa kwa tano zilizobaki. AFCON ya 2023, iliyochezwa Januari 2024 kule Ivory Coast, Taifa Stars ilikuwa inaongoza 1-0 dhidi ya Zambia kwa goli la mapema la Simon Msuva. Zambia wakabaki 10 uwanjani. Watanzania tulikuwa tunahesabu ushindi wetu wa kwanza kwenye fainali hizo. Dakika ya 88, kona, kichwa cha Patson Daka, 1-1. Mabeki wetu walikuwa wamecheza vizuri sana siku ile, nami nalisema hilo kila nikiulizwa. Ila historia imeandika 1-1.

Chukua na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Mechi ya kwanza kwa Mkapa, Yanga wanasawazisha kwa goli la Fiston Mayele, uwanja unalipuka, na kabla watu hawajakaa vitini USM Alger wanafunga la pili. Yanga walikwenda Algiers wakashinda 1-0, jumla ikawa 2-2, kombe likaondoka kwa magoli ya ugenini. Goli moja lililoingia wakati wa furaha likawa bei ya kombe zima.

Kuna nyakati nne za kuwa na wasiwasi zaidi: dakika chache baada ya kufunga, baada ya kufungwa, mwanzo wa kipindi cha pili, na mara baada ya wapinzani kubadilisha mchezaji. Timu yako ikifunga, washambuliaji washangilie kwenye kibendera. Wewe nyoosha ngumi, rudi kwenye nafasi yako, mshike beki mwenzako mkumbushane nani anamkaba nani.

Kadi nazo ni hesabu. Kwenye ileile AFCON ya 2023, mechi ya kwanza na Morocco, tulikuwa nyuma 1-0 hadi dakika ya 70, kisha Novatus Miroshi akapata kadi ya pili ya njano. Kufika dakika ya 80 ilikuwa 3-0. Novatus ni mchezaji mkubwa. Alitoka Azam akaenda Israel, Ubelgiji, na 2023 alikuwa Shakhtar Donetsk akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kama imemkuta yeye, itakukuta na wewe. Ukishakuwa na njano, mwambie mwenzako wazi: "Nina kadi, nifunike." Hakuna aibu.

Na sheria isome mwenyewe, usingoje kusimuliwa. Tangu 2016, ukimwangusha mtu ndani ya kumi na nane akiwa kwenye nafasi ya wazi ya kufunga, lakini ulikuwa unaugombea mpira kweli, ni penalti na njano. Ukimvuta jezi, ukimsukuma au ukimshika bila kuugombea mpira, ni penalti na nyekundu. Tofauti hiyo ni ya sekunde moja ya kuamua, na sekunde hiyo haitoshi kuanza kukumbuka sheria usiyoijua. Kwenye AFCON, VAR, yaani waamuzi wa video, imekuwapo kwa mechi zote tangu fainali za 2021, kwa hiyo zile hila za kushika bukta wakati mwamuzi ameangalia kwingine zimepitwa na wakati.

Benchi la timu kubwa au namba kwenye timu ndogo

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: beki kijana anahitaji mechi. Mshambuliaji wa miaka 19 anaweza kuingia dakika ya 75 akafunga na jina likatoka. Beki haingizwi dakika ya 75 ili ajifunze. Akiingizwa hapo, mambo yameharibika au mkubwa ameumia. Ligi Kuu ina timu 16, maana yake mechi 30 kwa msimu. Mechi 25 ukiwa Coastal Union zinakufundisha kuliko msimu mzima wa kuvaa kizibao jukwaani Kariakoo.

Angalia njia walizopita. Bakari Mwamnyeto alikuwa nguzo ya Coastal Union pale Mkwakwani kabla ya Yanga kumchukua 2020, na baadaye akavaa kitambaa cha unahodha. Ibrahim Hamad, Bacca, alitoka KMKM ya Zanzibar akaja Yanga. Mohamed Hussein Tshabalala alianza kuonekana Kagera Sugar, akaenda Simba 2014 na kukaa hapo zaidi ya miaka kumi. Jirani zetu wana Joseph Okumu: Chemelil Sugar, kisha Free State Stars ya Afrika Kusini, akaenda Marekani kwenye timu ya daraja la chini, Real Monarchs, ambako wengi wangesema amepotea. AFCON ya 2019 ilipomalizika akasajiliwa na Elfsborg ya Sweden, 2021 akaenda Gent, 2023 Reims ya Ufaransa. Hakuna hatua hata moja aliyoruka.

Ukiambiwa ucheze namba usiyoizoea, kubali kwanza, nung'unika baadaye ukiwa nyumbani kwako. Erasto Nyoni alikula Ligi Kuu miaka mingi kwa kuwa kocha yeyote angeweza kumweka pembeni, katikati ya ulinzi au kiungo, na asiharibu. Shomari Kapombe naye hakuzaliwa namba mbili, beki wa kulia. Ila uwe na namba moja ambayo ni nyumbani kwako, vinginevyo utakuwa mtu wa kuziba mapengo hadi unastaafu.

Ukitaka kujiuza nje, achana na zile video za dakika mbili zenye muziki. Wanaotafuta mabeki wanataka mechi nzima. Wanataka kuona unafanya nini timu yako ikiwa na mpira, unasimama wapi dakika ya 60 hakuna kinachotokea, unarudije baada ya kukosea. Mechi za ligi yetu zinaonyeshwa na Azam, kwa hiyo picha zipo. Chagua mechi tatu, mojawapo iwe mliyofungwa. Na weka daftari lako: ulianza mechi ngapi, ngapi mlimaliza bila kuruhusu goli, ulimkaba nani. Nilisema kazi yetu haina ushahidi. Basi ushahidi utengeneze wewe.

Mwili

Hapa sitakaa sana, madaktari wapo. Misuli ya nyuma ya paja, goti na enka ndiyo maadui zako. FIFA wana programu ya kupasha misuli inayoitwa 11+, haizidi kama dakika 20, haihitaji vifaa, na inapunguza majeraha. Kama timu yako haiifanyi, fanya mwenyewe. Ukigongana kichwa na ukaona mambo mawili mawili, kaa chini, mwite daktari, usiwe shujaa. Ukiwa unafunga Ramadhani, zungumza na kocha wa viungo kabla mwezi haujaandama, mpange daku na muda wa mazoezi mazito. Na usingizi. Simu saa nane usiku imemaliza mabeki wengi kuliko washambuliaji wa Simba na Yanga.

Karatasi

Fedha za usajili zinalevya. Kijana anaona milioni kadhaa kwa mara ya kwanza, anasaini bila kufungua ukurasa wa pili, kisha anakaa miaka mitatu akilalamika. Kanuni za FIFA ziko wazi katika mambo haya, zishike: mkataba wa mchezaji kwa kawaida hauzidi miaka 5, na ukiwa chini ya miaka 18 hauzidi 3. Ndani ya miezi 6 ya mwisho uko huru kuzungumza na klabu nyingine. Kuhamia nje ya nchi, kanuni ya jumla ni ufikishe miaka 18, kwa hiyo anayekuja kwa mzazi wako na tiketi ya kumpeleka mtoto wa miaka 16 Ulaya "kwa majaribio", akiomba nauli kwanza, mfukuzeni. Wakala awe na leseni ya FIFA, na mkataba wako na yeye usizidi miaka 2. Mjomba anayejua watu si wakala.

Umri wako uwe mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni, kwenye pasipoti na kwenye usajili. Mashindano ya U17 hupima mifupa ya kiganja kwa MRI. Tena kuna faida ya kumbukumbu sahihi ambayo wachache wanaifikiria: ukiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zilizokulea tangu miaka 12 hadi 23. Ile timu ya mtaani iliyokununulia njumu za kwanza inaweza kupata chochote, kama tu iliwahi kukusajili rasmi.

Kwenye mazungumzo ya mkataba, omba bonasi inayofanana na kazi yako. Vijana wa nyuma wanasaini bonasi ya magoli wakati wanafunga moja kwa misimu miwili. Omba bonasi ya mechi mlizomaliza bila kuruhusu goli, na ya idadi ya mechi ulizoanza. Uliza kuhusu matibabu: ukiumia goti, nani analipa upasuaji, na mshahara unaendelea? Uliza NSSF. Wewe ni mwajiriwa, na mchango ule wa asilimia 20 ya mshahara unapaswa kupelekwa kila mwezi; nenda kaangalie salio mwenyewe. Fedha za usajili zikitolewa kwa mafungu, kila fungu liwe na tarehe yake kwenye maandishi. Kama lugha ya mkataba inakupiga chenga, mlipe mwanasheria akusomee. 

Mshahara ukichelewa, usigome kwa kujificha nyumbani. Ukikosekana mazoezini, kosa linahamia kwako. Nenda mazoezini, saini mahudhurio, na andika barua. Kanuni zinasema klabu ikishindwa kukulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, unaitaarifu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Bila ile barua na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, utakuwa mtu aliyetoroka kambini. Kwa hiyo siku unayosaini, usiondoke ofisini bila nakala yako ya mkataba. Ipige picha kurasa zote, nakala nyingine mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini, na namba ya SPUTANZA, chama cha wachezaji, iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji.